Uso wa Fundi Saa

Jumatatu, 3 Juni

Kinyozi kaniudhi tena. Kabandika kurasa nane ukutani pale chamani, na kwenye ukurasa wa mwisho Rubani anambusu Daktari juu ya bawa la ndege. Juu ya bawa! Daktari wa mifugo, mwenye mabuti ya matope na sindano ya ng'ombe mfukoni, kapandaje hapo? Kwa ngazi ya nani? Hakuna aliyeuliza. Watu wakapiga makofi.

Niyaandike mambo wazi, kwa faida ya wajukuu zangu nitakapowapata. Mchoraji wa katuni ya *Saa na Mabawa* aliacha kuchora bila hata kuaga. Picha ya mwisho kabisa: Daktari yuko jikoni kwake, mlango unagongwa, anageuka. Basi! Ni nani mlangoni? Rubani mwenye maneno matamu, au Fundi Saa, jirani mpole anayempenda tangu toleo la kwanza na hajawahi kumwambia? Sisi mashabiki tuliounda chama hiki tumeamua kumalizia wenyewe. Mimi naongoza Kambi ya Fundi Saa. Kinyozi anaongoza Kambi ya Rubani, na kila Rubani wake ametoka kunyolewa sasa hivi.

Leo Bi Mwenyekiti, karani mstaafu wa mahakama, ametangaza kwamba Jumamosi kila kambi ilete mwisho wake. Kura kwa mikono. Mwisho utakaoshinda utaingia kwenye kitabu cha chama. Mafahali wawili hawakai zizi moja, akasema, akagonga meza kwa kiatu. Fundi Cherehani, dada aliyetukodishia chumba cha chama juu ya duka lake, akagonga dari kwa fimbo ya ufagio kutunyamazisha.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini Kinyozi akageuka, mbele ya kadamnasi, akamwomba Mtia Rangi ampakie rangi kurasa zake. Mtia Rangi ni wangu! Yaani, hupaka kurasa zangu. Mchana yuko duka la rangi za nyumba, anachanganya kwa jicho tu, mteja akimletea kipande cha plasta anatoka na kopo la rangi ileile. Alimjibu Kinyozi kwamba ataona. Ataona nini?

Naweza kumpoteza wiki hii. Nimeliwaza hilo njia nzima.

Lakini nina mpango. Kwenye ukurasa wangu wa mwisho Fundi Saa ataingia jikoni na hatimaye ataomba uchumba. Fundi Saa atakuwa na uso wangu. Daktari atakuwa na uso wa Mtia Rangi. Akiupaka atajiona, ataniona, ataelewa. Mimi sitalazimika kusema hata neno moja. Safi kabisa!

Shangazi kanigombeza jioni. Ni mwenye duka la miwani ninakofanya kazi, nami nalala chumba cha nyuma. Mteja aliyetaka miwani ya kuonea mbali nimempa ya kusomea, kafika mlangoni akagonga fremu ya mlango kwa paji la uso. Shangazi anashangaa mtu anayeuza macho awezaje kuwa hivi. Nilikuwa nachora pua yangu.

Jumanne, 4 Juni

Nimempelekea Mtia Rangi kurasa mapema. Nimemkuta anakoroga kopo kubwa la kijani kibichi. Nikamuuliza la nani. Akasema la mteja tu, akagonga kifuniko mara mbili kwa kidole.

Mara mbili! Msomaji yeyote makini wa *Saa na Mabawa* anajua Daktari akigonga kitu mara mbili anaficha jambo. Toleo la tisa aligonga meza. Toleo la kumi na nne aligonga ndoo. Ushahidi huo nimeuweka moyoni.

Alizitazama kurasa kwa muda. Akasema Fundi Saa amebadilika siku hizi, amevimba kidogo, je, anaumwa? Nikasema anapenda. Akacheka, akafuta mikono kwenye aproni. Kisha akaniuliza kwa nini mwanamume huyu hasemi. Kurasa zote hizi yuko na koleo mkononi na saa ileile, saa gani isiyopona?

Nikamweleza, kwa upole kama mwalimu, kwamba utamu wa mapenzi ya katuni uko kwenye dalili. Jicho likae sekunde moja zaidi. Kikombe kisogezwe. Msomaji achimbe mwenyewe. Akasema labda Daktari ana kazi nyingi, ng'ombe wanamsubiri, hana nafasi ya kuchimba. Labda angependa tu kuambiwa. Nikamwambia hapo ndipo wasomaji wachanga wanapokosea.

Akaniuliza kama nimekula. Nikasema hapana, nina haraka. Akagonga kifuniko tena, lakini mara moja tu, kwa hiyo hilo halina maana.

Jumatano, 5 Juni

Ujasusi. Nimekwenda kunyolewa kwa Kinyozi!

Nilijua huwa anachora kati ya wateja na kuacha karatasi kwenye kaunta iliyo nyuma ya kiti. Mpango: nikae, nitazame kiooni, nisome kila kitu kinyumenyume. Kinyozi kanipokea vizuri mno. Akaniuliza habari za shangazi, akanifunga kitambaa shingoni, akaniita ndugu yangu. Wanafiki wote huanza hivyo.

Kioo kilionesha kona tu ya karatasi. Nikainamisha kichwa kushoto. Akakirudisha. Nikakiinamisha tena, safari hii ghafla, na mashine ikapita njia yake yenyewe toka sikioni hadi utosini. Kinyozi akapiga kelele kuliko mimi. Akaomba radhi, akajaribu kusawazisha, ikawa mbaya zaidi. Uso wake ulikuwa karibu na wangu muda wote huo, taya, nyusi, masharubu yale yaliyochongwa, nikauona hata kama sikutaka.

Lakini nimepata nilichokifuata. Kwenye kiwiko chake kulikuwa na doa la rangi. Kijani kibichi! Kijani cha kopo lile!

Kwa hiyo mteja ni yeye. Kwa hiyo wanaonana. Nimekaa kwenye ngazi za duka letu, nusu kichwa, na nilitaka kulia. Ningelia, ila mteja alikuwa anajaribu fremu.

Shangazi ameniangalia kwa muda mrefu. Kauliza nimenyolewa au nimenyakuliwa na mwewe. Kisha kasema wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji, lakini hawakumwona mtu anayetia maji baada ya kunyolewa.

Alhamisi, 6 Juni

Vita ni vita. Nimechora ukurasa mmoja kwa mtindo wa Kinyozi, bawa na kila kitu, ambapo Rubani anafumaniwa: ana mke kila uwanja wa ndege. Wake watano wamempangia foleni, kila mmoja na mwiko. Kona ya chini ilibaki tupu, nikamchora punda wa Daktari, yule mgonjwa wa tangu toleo la tatu, anatazama kwa huzuni. Sikuweka jina. Saa ya chakula cha mchana nikaubandika chamani kimyakimya, nikaondoka napiga mluzi. Chama kizima kingeamini Kinyozi mwenyewe amemgeuka Rubani wake. Kambi yao ingesambaratika kabla ya jua kuzama.

Jioni wamejaa chumbani. Bi Mwenyekiti akaubandua ukurasa, akauinua mbele ya taa. Upande wa pili zikajitokeza herufi. Kubwa juu, ndogo chini, zinazidi kupungua. Nilikuwa nimechora nyuma ya kadi ya kupimia macho.

Akaanza kuzisoma kwa sauti ya mahakama, mstari kwa mstari. Alipofika mstari wa mwisho akakwama, akasema miwani yake haimfai tena, aende duka gani? Watu wote wakanigeukia.

Nimehukumiwa kufuta viti vyote na kumwomba Kinyozi radhi. Akanishika mkono, akasema yameisha, ndugu yangu, sote tunawapenda watu hawa. Msamaha wa kuudhi sana, haukuwa na hata kasoro moja ya kushika. Kisha akashuka mapema, eti ana suruali ya kupunguzwa kwa Fundi Cherehani. Huyu mtu ana suruali ngapi? Kila wiki inapunguzwa moja. Majivuno tu.

Mtia Rangi hakucheka na wengine. Alichukua kitambaa cha pili akanisaidia kufuta viti. Nikajua ni huruma, na huruma si mapenzi, toleo la ishirini.

Na balaa jingine: watu wamempenda punda! Wanasema ana macho yanayosema. Wanasema Daktari hahitaji mwanamume yeyote, amtibu punda wake wafunge mlango walale. Kuna kambi ya tatu sasa. Imeanzishwa na mimi.

Ijumaa, 7 Juni

Mtia Rangi ameleta kurasa mwenyewe hadi dukani, asubuhi, jua zuri. Lo! Jiko la Daktari lina mwanga wa njano kama chai ya maziwa. Ukuta, vikombe, mabuti, kila kitu kina uhai. Uso wa Daktari kaupaka taratibu, tabaka juu ya tabaka, hadi doa dogo la shavuni. Lakini uso wa Fundi Saa, kwenye picha ya mwisho anapoomba uchumba, hakuupaka. Mweupe!

Alinieleza akiwa anatazama kaunta. Kasema huo ameuacha makusudi, anataka auone kwa karibu kwanza, mchana, kwenye mwanga, apate rangi yake hasa. Akasema kama nina nafasi tukae pale ngazini, hata robo saa.

Nikamwambia nina lenzi nyingi za kusaga. Nilihitaji kuwa peke yangu niutafakari huu weupe. Akasema sawa. Shangazi akamwita ndani akampa chai, wakanywa wawili, nikawasikia wanaongea chini chini kisha wanacheka, kisha hawacheki.

Weupe. Nimeupima kwa kila upande. Weupe wa sanda? Weupe wa mgonjwa? Toleo la kumi na moja Rubani alichorwa bila rangi alipoanguka na ndege. Hatimaye nimeelewa, na imeniuma. Hakuupaka kwa sababu uso ni mbaya. Hawezi kusema, ana adabu, ameniachia nijirekebishe. Apate rangi yake hasa! Ndiyo, uso huo haukuwa na rangi wala sura.

Nimeufuta. Nimefumba macho, nikachora uso wa kwanza ulionijia, mkono ukaenda wenyewe. Nyusi zimekaa, taya imara, masharubu kidogo. Uso mzuri kupita kiasi, sijui nimeutoa wapi! Nikaupaka kwa chai iliyobaki kwenye kikombe cha Mtia Rangi. Mwenye kipaji hakosi zana.

Shangazi kapita nyuma yangu akasema yule binti alikaa muda mrefu. Nikasema chai ilikuwa nzuri.

Jumamosi, 8 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Chumba kilijaa hadi ngazini. Kambi ya Punda wamekuja na masikio ya karatasi kichwani. Kinyozi akaonesha kwanza, bawa lake, busu lake, makofi. Kisha mimi nikabandika kurasa zangu moja moja. Walikuwa kimya, wamenaswa, nikaona hata Bi Mwenyekiti ametoa leso. Nikabandika ya mwisho.

Halafu mtu mmoja nyuma akacheka. Halafu wote.

Nikageuka nikatazama. Jikoni, kwenye mwanga wa chai ya maziwa, Kinyozi amepiga goti mbele ya Mtia Rangi. Kinyozi! Nyusi zake, taya yake, masharubu yake. Mimi kwa mkono wangu nimemwombea Kinyozi uchumba kwa mwanamke ninayempenda, na nikapaka rangi.

Kinyozi alicheka hadi akashika ukuta. Akasimama juu ya kiti akasema ananishukuru ndugu yangu kwa heshima hii, lakini yeye ameshapata. Akaita chini ya ngazi, na Fundi Cherehani akapanda na tepu yake ya kupimia shingoni. Wanaoana mwezi ujao, chama chote tumealikwa, chumba chao wamekipaka kijani kibichi wiki hii, rangi kawachanganyia Mtia Rangi, ambaye walimwapisha asiseme. Kurasa za bawa ni zawadi yake kwa Fundi Cherehani, ndiyo maana alitaka zipakwe. Hapo ndipo nilipomwona vizuri yule Daktari wa bawani. Ana mwanya wa Fundi Cherehani. Ana tepu mfukoni, si sindano! Wiki nzima ilikuwa ukutani mbele yangu.

Kura zikapigwa. Punda ameshinda.

Watu walipokuwa wanashuka, Mtia Rangi akaja mbele ya ukurasa. Alisimama akautazama ule uso wa chai. Akaniuliza, taratibu, "Kwa hiyo ulikuwa unanitafutia mume?"

Yeye alijijua! Alijijua tangu Jumanne. Alijipaka mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, doa la shavuni na yote, na akauachia uso wangu nafasi. Nilipaswa kusema lolote, hata neno moja la kijinga. Nilichosema ni kwamba katuni ni katuni tu, kila shabiki ana tafsiri yake.

Akakusanya brashi zake akaondoka. Nilibaki na viti. Naumwa moyo, na siandiki hivyo kwa ajili ya kupamba.

Shangazi kanisubiri mlangoni. Kanikalisha kwenye stuli ya kupimia wateja, akaniambia bila kuzunguka. "Baba, mtoto wa watu alikuomba ukae juani akuangalie uso. Ulitaka akwambie nini tena? Akuandikie kwa herufi kubwa kama za ukutani?" Kasema huyo binti alimwuliza, wakinywa chai, kama mimi nina mtu. Kasema kesho niende nimwambie kwa mdomo. Si kwa penseli. Kwa mdomo huu ninaolia chakula.

Nimeapa. Mwisho wa dalili! Mwisho wa ushahidi! Kesho asubuhi namwendea na kumwambia kama watu wanavyoambiana.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka mtu mpya. Nimeoga, nimevaa shati la harusi za watu, nimevaa kofia kufunika njia ya mashine. Nikajiambia kabla sijatoka nifanye mazoezi kidogo ya maneno, na maneno hukaa vizuri ukiyaona, basi nikachukua karatasi moja nikachora picha moja tu, Fundi Saa anatoka nyumbani kumwendea Daktari.

Picha moja haisimami peke yake. Nikachora ya pili.

Kufika saa nne nilikuwa nimeshika kitu kikubwa! Sisi sote tulikosea, kambi zote. Tumekuwa tukichora yanayotokea baada ya mlango kufunguliwa, na hakuna aliyechora ule ugongaji wenyewe. Mtu anayependa anagongaje mlango? Kwa vidole au kwa kiganja? Anangoja kiasi gani? Yote yapo hapo! Nikiweza kuuchora huo mkono, nimemaliza hadithi.

Nikiwa katikati ya kazi hiyo, mlango wangu ukagongwa.

Nikauliza nani. Sauti ya Mtia Rangi ikasema ni mimi. Bahati iliyoje, wakati uleule! Nikamwomba asiondoke hapo alipo, agonge tena, polepole zaidi kidogo. Kisha akagonga. Ilikuwa nzuri mno, vifundo vya vidole, laini, halafu pumzi. Nikachora haraka. Nikamwambia mara moja zaidi, ila kama mtu aliyejitahidi sana kuja. Akauliza, "Utafungua au hufungui?" Ah, maneno gani hayo! Nikayaandika yalivyo, nikayaweka kinywani mwa Fundi Saa. Nikamwambia dakika moja tu, namalizia kivuli.

Akagonga mara ya mwisho, kwa kiganja, kwa nguvu. Nikaupata na huo. Kisha viatu vikaenda zake.

Nimefungua baadaye, kivuli kilipokamilika. Kizingitini palikuwa na kopo dogo la rangi, lile dogo wanalotolea sampuli. Ndani kuna kahawia, yenye wekundu kidogo chini yake. Nimechovya kidole, nikajipaka shavuni, nikaenda kujitazama kwenye kioo cha dukani. Nimetafuta doa. Halionekani. Nimegeuza shavu huku na huku kwenye mwanga, halionekani kabisa! Na hakuwahi kuniona kwa karibu hata robo saa. Kachanganya kwa kukumbuka tu.

Nimelifikiria hilo kwa makini sana. Haliwezi kuwa na tafsiri mbili. Mtia Rangi sasa anakubali, bila shaka yoyote, kwamba aliye mlangoni ni Fundi Saa. Kambi yetu imempata! Nimefurahi hadi nimepiga meza.

Shangazi karudi mchana akauliza kama kuna mtu aliyekuja. Nikamwambia ni mtu wa rangi, kaleta rangi. Akaketi kwenye stuli ya wateja, kopo mkononi, akaliangalia, akaniangalia shavu, akashika kichwa. Nimemwambia asihofu. Kesho namwanzia Mtia Rangi ukurasa mpya, na safari hii nitaweka dalili nyingi zaidi.